Hopsi na Dari la Jikoni

Mama mkwe alipokuja kututembelea hapa Reading kutoka Marangu, mume wangu alimkaribisha kwa glasi ya bia aliyoitengeneza mwenyewe. Mama akaonja, akatulia, akaonja tena. "Baba," akamwambia mwanawe, "uchungu upo. Harufu iko wapi?"

Mume wangu hakuwa na jibu. Mama huyu amepika mbege ya harusi na ya matanga tangu ujana wake, na wazee wa kwao hawaanzi kikao kabla hajasema pombe imeiva. Mbege ni ndizi na ulezi, lakini kinachoishikilia isibaki utamu mtupu ni magome ya msesewe. Yakizidi haipiti kooni, yakipungua wanywaji wanaulizana nani kapika. Mtu wa namna hiyo akikuambia kitu kimekosekana, unatafuta kilichokosekana.

Bia yetu ilikuwa ya kopo. Kopo lina kilo 1.7 za kimea cha shayiri kilichopikwa kikawa kizito kama asali, na hopsi zake zimeshatiwa kiwandani. Unalimimina kwenye ndoo, unaongeza kilo moja ya sukari, unajaza maji mpaka lita 23, unanyunyiza pakiti ya hamira, unafunika. Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963, kwa hiyo unatengeneza ya kunywa wewe na wageni wako bila kuulizwa, ilmradi huuzi.

Alichokigundua Mama kwa ulimi nilikuja kukielewa baadaye, nikazidi kumheshimu. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba na nguzo, na ndani ya ua mna unga wa njano unaonata. Unga huo umebeba vitu viwili vyenye tabia tofauti. Uchungu hautoki sawasawa mpaka uchemshwe, mara nyingi saa nzima. Mafuta yenye harufu nayo hayavumilii moto. Ukiyachemsha muda huo yanaondoka na mvuke. Kiwandani kimea cha kopo huchemshwa, kisha hupunguzwa maji mpaka kiwe kizito. Uchungu unabaki, harufu inakwenda zake. Ndiyo maana anayetaka bia ya kopo inukie hutia hopsi nyingine mwishoni, bila kuzipika, ndani ya bia inayochacha.

Mume wangu akanunua Goldings, hopsi za Kent, pakiti ya gramu 100. Siku hizi nyingi huuzwa zikiwa zimesagwa na kushindiliwa kuwa vidonge vya kijani. Alipoikata pakiti jikoni, harufu ya majani mabichi na maganda ya limau ikajaa nyumba nzima. Mama akachukua kidonge kimoja, akakivunja kwa ukucha, akakigusa kwa ncha ya ulimi na kufumba macho. "Huu ni msesewe wa Wazungu," akasema. Mimi nasema alipatia.

Ndoo nyingine ya bia ya kopo ilikuwa bado inachacha kwa nguvu. Mume wangu akafunua mfuniko na kumimina pakiti yote kwa mkupuo mmoja.

Bia inayochacha imejaa gesi iliyoyeyuka, imetulia tu kwa sababu haijapata mahali pa kushika ianze kutoka. Vile vidonge, kwa mikwaruzo na vitundu vyake, viliipa mahali hapo maelfu kwa maelfu kwa wakati mmoja. Povu likapanda. Mume wangu akaubana mfuniko haraka kuokoa bia, povu likaingia kwenye kibomba cha kutolea gesi kilichopo kwenye mfuniko likiwa limebeba tope la hopsi, kibomba kikaziba. Tukauona mfuniko ukivimba katikati. Mama alikuwa wa kwanza kusogea. "Tokeni hapo!" alisema, akamvuta mjukuu wake kwa mkono, na mfuniko ukaruka.

Tope la kijani lilifika darini, kwenye taa, juu ya friji, ndani ya sufuria ya maharage iliyokuwa wazi. Likawa linadondoka matone mazito. Niliwahi kufunga mlango wa uani kabla ya jambo lolote, kwa sababu mbwa wa jirani huingia kwetu apendavyo na hopsi ni sumu kwa mbwa. Humpandisha joto la mwili mpaka anaweza kufa. Kila anayetengeneza bia nyumbani alijue hili. Matambara tuliyofutia tuliyafunga kwenye mifuko miwili kabla ya kuyatupa.

Maharage yalimwagwa. Bia ilipona kwa sehemu kubwa. Mume wangu alitaka kuimwaga yote, Mama akakataa katakata. Akaagiza ndoo ifutwe mdomo, kibomba kioshwe kwa maji ya moto, ifunikwe na isiguswe mpaka itulie yenyewe. Hapo napo alikuwa sahihi: kufikia wakati ule ndani mlikuwa na kilevi cha kutosha, na hopsi zenyewe huzuia bakteria wengi wanaochachusha bia vibaya.

Ilipotoka kwenye chupa ilinukia maua na limau, na ule uchungu wa zamani ukapata mwenzake. Mama alimaliza glasi, akaomba nyingine, kisha akauliza kwa nini tumeichuja mno, pombe gani unaiona mpaka upande wa pili.

Ndoo ya sasa ina hopsi za Fuggle, gramu 40 tu, ndani ya mfuko wa kitambaa uliochemshwa. Zilitiwa baada ya mchacho kutulia, tena Mama akiwa amesimama pale pale kuhakikisha, na ndoo yenyewe imehamia bafuni.