Simba wa Kukodi

Nimeitazama tena The Ghost and the Darkness, filamu ya 1996 kuhusu simba wala watu wa Tsavo, na bado nasema: hao si simba wetu. Wale waliowatafuna vibarua wa reli mwaka 1898 hawakuwa na manyoya marefu shingoni. Hawa wa Hollywood utadhani wametoka saluni. Picha yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, kana kwamba sisi wa Voi tungewanyima njia ya kwenda Tsavo.

Halafu kuna Remington, mwindaji Mmarekani, kachezwa na Michael Douglas. Hakuwahi kuzaliwa. Simba wote wawili aliwaua Patterson, mhandisi wa reli hiyo, lakini tiketi lazima ziuzwe.

Ilipata Oscar ya uhariri wa sauti. Sina ubishi, ingawa tembo akivunja ua usiku huku kwetu, sauti tunaipata bure.

Bwana Devil, filamu nyingine ya 1952 kuhusu simba hao hao, iliwavisha watazamaji miwani ili simba aonekane anawarukia. Vibarua wale walirukiwa bila miwani.

Simba wenyewe? Patterson aliwauza mwaka 1924 kwa dola 5,000. Wako Chicago, na viza mtajitafutia.