Dizeli Nyepesi, Madumu Mazito

Ukitaka kusomeshwa kemia bila ada, nunua lori, mkabidhi dereva, kisha muulize mafuta yameishia wapi.

Mimi ninalo moja, semi treila ya mkopo, linabeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 900. Hata likiwa limesheheni, hata ukihesabu kupanda mlima Kitonga kwa gia ya kutambaa, kwa wastani lita moja haikosi kulisogeza kilomita mbili. Kwa hiyo lita 450 hivi zinalifikisha. Langu linadai 550, na kila likidai linakuja na somo jipya.

“Bosi, dizeli ya siku hizi nyepesi,” ananianzia dereva kwa sauti ya msibani. “Tangu watoe salfa, gari halina nguvu.”

Hapo ndipo anaponimaliza, maana ndani ya maneno yake kuna ukweli wa kutosha kumfunga mtu mdomo. Salfa kweli imepunguzwa. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, kutoka 500. Kiwanda kikiiondoa, mafuta huwa mepesi kidogo, na mafuta mepesi yana nishati pungufu kwa kila lita. Pungufu kiasi gani? Kama asilimia 1. Katika lita zangu 450, hiyo ni lita nne na nusu. Haijai hata robo ya dumu.

Nikimwambia hivyo anahama mada. “Basi wamechakachua, bosi.”

Hapo pia historia iko upande wake. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, watu waliyachanganya kwa raha zao, mpaka mamlaka ya udhibiti, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida. Kenya nao walikuja na tozo yao ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Na madhara ya kuchakachua si ya mzaha: mafuta ya taa hayalainishi vizuri, pampu ya injekta inasagika, na bili ya fundi inafuata. Ila kwa hesabu ya nishati, hata ukijaza tangi zima mafuta ya taa matupu, kila lita inapungukiwa kama asilimia 5 tu. Lita 23 hivi. Yaani nikikubali kwamba lori langu limetembelea mafuta ya kibatari kutoka Dar mpaka mpakani, bado lita 77 hazina mwenyewe.

Hakati tamaa. Simu yake haikosi bando, na huko amesoma kwamba madereva wa Marekani hulalamika magari yao kula zaidi wakati wa baridi. Ni kweli. Baridi ikiwa kali, nta iliyomo kwenye dizeli huganda na kuziba chujio, kwa hiyo wenzetu huuziwa mchanganyiko mwepesi zaidi, na kilomita hupungua. “Sasa bosi, baridi ya Makambako si unaijua?” Naijua. Lakini theluji Makambako haipo, wala sijaona sheli yenye pampu ya dizeli ya masika na nyingine ya kipupwe.

Halafu kuna dawa ya kwenye kichupa, ile wanayoapa kwamba inaongeza seteni. Seteni ni kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka; injini ikishapata kiasi inachohitaji, ziada haikusogezi hata hatua. Kichupa kilinunuliwa hata hivyo. Risiti ninayo.

Cha ajabu, kemia yote hii haigusi vinavyokula mafuta kweli. Sijawahi kusikia habari ya matairi yasiyo na upepo, turubai linalopigapiga, wala kulala injini ikiunguruma kwenye foleni ya Tunduma, mahali ambapo lori linachoma kama lita 3 kwa saa bila kusogea. Wala habari ya kusimama kuchimba dawa.

Hiyo ya kuchimba dawa niliiona mwenyewe, nikiwa dirishani ndani ya basi la Mbeya. Lori langu limeegeshwa kando ya majani marefu. Utingo amechuchumaa chini ya tangi, mpira mdomoni, mbele yake dumu la njano lenye faneli ya chupa ya maji iliyokatwa kitako. Matatu mengine yamepangwa nyuma ya tairi, yanasubiri zamu. Akanyonya, akatema, akajifuta kwa fulana, mafuta yakaanza kutiririka. Basi likapita. Madumu manne ya lita 20: na mimi nilikuwa natafuta 77.

Jioni simu ikaita. “Bosi, dizeli ya leo nyepesi mno.”

Mtasema nimfukuze. Deni la benki halisubiri nipate dereva mwingine, na huyo mwingine naye atakuja na kemia yake. Nikaona bora nimpandishe shemeji yangu humo ndani, kijana wa nyumbani, awe macho yangu. Loo! Sheli ni ileile, pampu ileile, mzigo uleule, lori likarudi limetumia lita 455. Dizeli ya taifa ilikuwa imepona.

Safari iliyofuata zikawa 540. Nikamvuta shemeji pembeni. Mkononi ana simu mpya, machoni ananionea huruma.

“Shemeji,” akaniambia, “nyie mnaokaa mjini hamuelewi. Tangu watoe ile salfa…”