Profesa na Akaunti

Profesa Anna Tibaijuka, mwana wa Muleba, aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa hadi 2010, kisha akawa mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi. Mwaka 2014 sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta likafichua shilingi bilioni 1.6, kutoka kwa mfanyabiashara James Rugemalira, ndani ya akaunti yake binafsi. Ni mchango wa shule ya wasichana, alieleza. Ulipitia kwake tu kusalimia. Kisiwani Goziba, ziwani hukohuko Muleba, dagaa wanakopimwa kwa ndoo, hesabu hiyo ingehitaji ziwa la pili. Desemba ya mwaka huohuo Rais Kikwete akamvua uwaziri. Mwaka 2015 Muleba Kusini ikamrudisha bungeni.