Namna ya Kutoa Blanketi la Mkono Bila Kuchosha Mkono

Aliyewahi kuwa shangazi wa bibi harusi anaijua hali hii. Mchango umeshatoa, sare umeshashonesha, na kwenye kikao cha kicheni pati wenzako wamegawana vinono vyote: huyu jiko la gesi, yule friji, wale watatu seti ya masufuria. Mwenyekiti anakutazama. Mdomo unakuponyoka: "Mimi nitamshonea blanketi la viraka. Kwa mkono wangu mwenyewe." Kikao kizima kinasema aaah.

Pole, mwenzangu. Lakini usijute, maana umefika kwa mwenyewe. Katika ukoo wetu nimeshatoa mablanketi ya viraka manne, na niliyoyashona ni moja na robo. Wote wananiita fundi.

Kabla ya yote, lijue jina la kitu. Kamusi inaliita mfarishi. Neno zuri, ila usiende nalo dukani. Nilipolitumia Kariakoo nilielekezwa kwa muuza dawa za asili. Sema blanketi la viraka. Lina matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba au sponji nyembamba, chini kitambaa kizima, na yote matatu yamepigwa bandi pamoja ili pamba isikimbilie pembe moja. Yakariri hayo. Mtu anayetaja matabaka matatu bila kukwama huaminiwa kwamba ameyashona.

1. Anza kuvuna sifa

Watu hudhani sifa huja baada ya kazi. Ukisubiri hivyo utakufa njaa, kwa sababu siku ya sherehe macho yote yatakuwa kwenye friji. Vuna mapema, kazi ikiwa bado mdomoni.

Piga picha: mkasi, kanga iliyokunjwa, kikombe cha chai pembeni. Weka stetasi. Andika "Taratibu tutafika" na usiongeze neno. Kesho yake funga plasta kwenye kidole cha shahada uende nayo kikaoni. Usiieleze. Subiri uulizwe, kisha sema, "Aa, sindano tu." Plasta moja inaweza kukulisha wiki mbili, mradi ukumbuke kuifunga kwenye kidole kilekile. Mimi niliwahi kuihamisha, na nina binamu mwenye macho.

2. Tafuta vitambaa, na uyaogope maandishi

Fundi cherehani yeyote wa barazani hufagia vipande vya vitenge kila jioni. Muombe. Atakupa mfuko mzima akidhani unakwenda kujazia mto.

Ukitaka kanga, sikiliza. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo kata, mji kata, jina liogope. Katika lile blanketi langu la kweli, lile moja, nilichukua kanga mbili. Moja iliandikwa ASANTE MAMA KWA MALEZI MEMA, nyingine HASIDI HANA SABABU. Nikakata, nikachanganya, nikaunga usiku kwa taa hafifu. Siku ya siku likatandazwa mbele ya mama mkwe wa bibi harusi, naye ni mwalimu mstaafu, hawezi kuona maandishi akayapita. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mshono: "MAMA HASIDI." Akarudia, polepole, kama anayemsubiri mwanafunzi ajisahihishe.

Tangu hapo vipande vyenye herufi navigeuza ndani nje.

Halafu kanga mpya huchuja. Ifue kivyake kwanza. Mimi sikuifua, na blanketi lilipofuliwa mara ya kwanza viraka vyote vyeupe vikawa vya waridi. Niliwaambia ndivyo nilivyokusudia, rangi ilikuwa inasubiri maji.

3. Hesabu

Hapa ndipo wanyofu huangamia. Kitanda ni futi tano kwa sita. Unapiga hesabu: kiraka cha nusu futi, kumi kwa upana, kumi na mbili kwa urefu, jumla 120. Unakata 120 kwa furaha. Unachosahau ni kwamba kila mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo kiraka cha inchi sita kikishaungwa kinabaki inchi tano na nusu. Blanketi linatoka futi nne na inchi saba kwa futi tano na nusu. Bwana harusi ana futi sita.

Mwenye pupa hapa hufumua. Wewe usifumue, badilisha mpokeaji. Sema tangu mwanzo ulikuwa unamshonea mtoto atakayezaliwa, na kwamba wakubwa wa siku hizi hawasubiri baraka. Watacheka, bibi harusi ataona haya, na umejiongezea mwaka mzima. Mtoto akizaliwa nalo bado halijakamilika, lipunguze tena liwe la arobaini, kisha mto wa kochi. Robo yangu niliyokutajia hivi sasa ni kishikio cha sufuria kwa dada yangu. Anakisifu sana.

4. Mwajiri fundi, kisha umharibie kazi

Ukifika kiraka cha arobaini uvivu utakushika. Usipigane nao. Mpelekee fundi jioni, wakati barazani hakuna anayekujua.

Tatizo la fundi ni kwamba anajua kazi. Mshono wa cherehani umenyooka mno, unakusaliti kama risiti iliyosahauliwa mfukoni. Likirudi nyumbani, tia uzi mnene kwenye sindano upige bandi za mkono kiasi cha futi moja, kwenye ile pembe itakayotazama watu. Zipige vibaya. Hutahitaji kujitahidi.

5. Karume, saa moja asubuhi

Sogea karibu, hili silisemi mbele ya kila mtu.

Marekani mabibi hushona vitu hivi kwa miezi. Bibi humpa mjukuu akizaliwa au akiolewa. Mjukuu hulikunja akaliweka kabatini lisichafuke. Miaka inapita, kabati linasafishwa, na vilivyomo vinatolewa msaada, vinauzwa kwa kilo, vinafungwa belo, vinapanda meli. Asubuhi moja belo la mashuka na mapazia linafunguliwa soko la Karume, Ilala, au Gikomba kama uko Nairobi, nawe umesimama pale na elfu kumi na tano mkononi.

Muuzaji hajui alichoshika. Kwake si shuka, si duvee, si pazia. Lishike kwa vidole viwili kama mtu aliyekuta kitu njiani, uulize, "Hili la kupigia pasi ni shilingi ngapi?" Lakini kwanza ligeuze. Upande wa nyuma ukiona bandi ndogondogo zinazofuatana kama siafu, sawa ila si sawa kabisa, hapo lipa uondoke haraka.

Sasa, washonaji wa kule wana tabia moja mbaya: husaini. Nililopata mimi lilikuwa na maandishi kwenye pembe ya nyuma, yamedariziwa moja kwa moja kwenye kitambaa kwa uzi mwekundu. Jina la bibi, jina la mjukuu, na mwaka, uleule niliomaliza darasa la saba. Herufi zilikuwa zinapanda mlima.

Chukua wembe na kibano cha nyusi. Anza na herufi ya mwisho, uvute taratibu, maana uzi wa zamani hukatikia ndani. Jina la bibi lilitoka kwa dakika tano. La mjukuu lilinichukua saa nzima. Alikuwa amelipitia mara mbili, lisije likatoka.

Usikae ukawaza sana hapo, kuna kufua. Harufu ya mtumba haifichiki kwa marashi. Loweka usiku kucha, anika juani siku mbili, kisha fukiza udi. Likinukia udi, hakuna atakayethubutu kusema limetoka ng'ambo.

6. Andaa utetezi

Atatokea mtu wa kusema mistari imepinda. Usijitetee, muonee huruma. Muulize kama amesikia habari za Gee's Bend, kijiji cha Alabama kwenye kona ya mto, ambako akina mama Weusi walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi zilizopauka magotini, mistari ikienda inakotaka. Mwaka 2002 yalitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney, New York, watu wakilipa kiingilio kuyatazama. Mwaka 2006 posta ya Marekani iliyatolea stempu. Nyamaza kidogo, kisha ulitazame blanketi lako kama unayelitafutia mahali pa kupiga msumari.

Wale akina mama, bila shaka, walikuwa wakijua wanachokifanya. Hilo huna haja ya kulitaja.

Akisema vipimo havilingani, mpeleke India. Huko Karnataka wako Masidi, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Blanketi lao la viraka wanaliita kawandi. Mshonaji huanza pembeni akazunguka, akazunguka tena, hadi viraka vikutane katikati, na katika pembe huongeza vitambaa vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua. Bila phula, kwao blanketi liko uchi. Habari hii ni ya kweli na ina manufaa makubwa: pembe ikikushinda, kunja kitambaa chochote, kipachike hapo, useme ni phula.

7. Kukabidhi

Ingia wa mwisho, ukicheza polepole. Likunje ile pembe yenye bandi mbovu iwe juu. Mshereheshaji akitaka kusema "zawadi ya blanketi", mnong'oneze maneno mawili: miezi minane. Ukiweza toa chozi.

Kisha usiende kwao kwa miezi mitatu. Ukienda, usiulize liko wapi. Litafute kwa macho. Chumbani halipo, ni zuri mno kulaliwa. Sebuleni halipo, halifanani na makochi. Mimi la mpwa wangu nililikuta mezani, limekunjwa mara nne, na juu yake shati la mume linapigwa pasi. Nilimkumbuka yule muuzaji wa Karume, kumbe nilimtabiria.

Nilikaa nikaomba maji. Mpwa wangu alikuwa anapitisha kiganja kwenye kitambaa kukinyoosha, mara kikasimama pembeni. Akainama.

"Shangazi, hapa kuna vitundu. Vimejipanga kama herufi."

"Ndiyo, mwanangu. Palikuwa na jina."

"La nani?"

Swali kama hilo halina hatua yake katika mwongozo wowote. Hapo unabaki wewe na kipaji chako. "La kwako," nikasema. "Nilishalidarizi, sikulipenda, nikalifumua."

Akazima pasi. Akalikung'uta, akalikunja vizuri, akanipakatisha. "Basi ondoka nalo ulirudie. Na mwaka uweke. Huyu aliyeko tumboni nataka aje aone nani alinishonea."

Liko hapa kwenye kiti, wiki ya tatu sasa. Kwa hiyo ukimjua mtu anayeweza kudarizi, mwenye mkono wa kizee kidogo na asiyeuliza maswali, nielekeze. Uzi mwekundu ninao. Jina la mpwa wangu lina herufi saba, na vitundu vilivyopo vinatosha tano.