Sifa za Siti Ngumu

Kiti cha enzi cha Lamu na Siyu hakikuwa na sponji. Mafundi walikichonga kwa mpingo, wakakinakshi kwa pembe, mgongo wakausimamisha wima, na pale pa kukalia wakasuka kamba. Aliyekaribishwa juu yake alikuwa mtu mzito, na uzito wake haukuruhusiwa kuzama. Waliokitengeneza walielewa kwamba mheshimiwa akistarehe mno atasinzia, na akisinzia mbele za watu heshima yote imekwisha.

Hapa Bellevue, Johannesburg, kiti hicho kimepata mrithi, na mrithi mwenyewe anatukanwa mchana kutwa. Ni siti ya pikipiki ya cc 125 au 150, iliyovikwa reksini nyeusi, iliyoegeshwa kando ya mtaa wa Rockey na boksi la chakula mgongoni. Bwana wake amesimama pembeni, mkono kiunoni, akisubiri oda na kuilaani. Analaani kwa Kiswahili cha Bukavu, mwenzake anaitikia kwa Kishona, wa tatu anamalizia kwa Kichewa. Sijasikia lugha hata moja ikiitetea. Naomba niwe wakili wake.

Tuanze na nasaba, maana sifa bila nasaba ni porojo. Mwaka 1885, huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walimaliza chombo cha mbao cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli. Paul, mtoto wa Daimler, akakipanda kuelekea Untertürkheim. Bomba la moto la kuwashia mafuta lilikuwa chini ya siti, na njiani siti ikashika moto. Huo ndio ukoo. Babu aliunguza, mjukuu anabana tu, halafu watu wanasema dunia haiendi mbele.

Upande wa baiskeli kuna ndugu mwenye jina kubwa zaidi. Kampuni ya Brooks ya Birmingham husimulia kwamba mwaka 1878 farasi wa John Boultbee Brooks alikufa, akaazima baiskeli, na siti yake ikamtesa hadi akaapa kutengeneza nyingine. Mwaka 1882 alipata hataza, na jina lake linauza siti za ngozi mpaka leo. Laiti ile ya kuazima ingekuwa laini, bwana huyo angeendelea na biashara yake ya ngozi na hatamu, na leo asingetajwa na mtu. Nitajieni sofa moja iliyowahi kumtoa mtu kwenye mazoea yake.

Tena hapa Johannesburg wazee wa kazi walikuwepo kabla yetu. Kati ya 1913 na 1936 kulikuwa na mashindano ya pikipiki kati ya Durban na jiji hili, kilomita 600 hivi za vumbi, mawe na milima ya Drakensberg. Pikipiki nyingi za enzi hizo hazikuwa na shokapu nyuma. Springi pekee za upande huo zilikuwa chini ya siti, yaani kila jiwe la Natal lilipokelewa na kalio bila mkalimani. Mpaka sasa kuna watu hukutana kila mwaka kuirudia njia hiyo kwa pikipiki zilizoundwa kabla ya mashindano kukoma, na hakuna anayewalazimisha wala kuwalipa.

Sasa tuje kwa mpinzani, siti laini. Siti laini ni mshenga: maneno yake yote matamu, na ndoa si yake. Dukani unaikalia dakika mbili, inabonyea, unatabasamu, unalipa. Mshenga amemaliza kazi. Ukweli utaujua mbele, baada ya mji wa Polokwane. Binadamu hukalia mifupa miwili iliyo chini ya nyonga. Sponji laini ikishabonyea hadi mwisho, mifupa hiyo inagota kwenye bati, na sehemu ya uzito uliopaswa kubebwa nayo inahamia kwenye nyama za pembeni, kwenye mishipa ya damu na kwenye kifandugu. Ndipo miguu inakufa ganzi. Siti ngumu haina ujanja huo. Uchungu wake unaupata pale pale dukani, mbele ya mashahidi, kabla hujatoa pesa. Wanaosafiri mbali kweli kweli wanajua kwamba siti imara inayoishikilia ile mifupa miwili hushinda godoro, mradi iwe pana kidogo. Upana ni jambo la haki na siti zetu hazijalipata, lakini wakili hatakiwi kukumbusha mahakama kila kitu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakuwahi kumwona mchagua siti, ambaye ni mkulima na anawalisha wengine. Kwanza kuna fundi, awe Dar es Salaam, Kisumu au uchochoroni hapo jirani Yeoville, mwenye kisu, gundi na cherehani. Mteja akija analia kwamba siti ni ngumu, fundi anaongeza sponji. Mwezi ujao mteja huyo huyo anarudi analia kwamba anateleza hadi kwenye tangi, fundi anapunguza sponji. Pesa imeingia mara mbili na siti imerudi ilivyokuwa. Kuna muuza ngozi ya kondoo, bidhaa ambayo nchi hii yenye Karoo haikosi, na tusimdhihaki huyu kwa kuwa manyoya hupitisha hewa na jasho halituami. Kuna muuza shanga za mbao, zile zile za madereva wa teksi. Halafu wapo wenye uwezo, wanaonunua mto wa hewa unaoitwa AirHawk, uliotoka kwa watengenezaji wa mito ya kuwakinga watumiaji wa viti vya magurudumu wasipate vidonda. Kijana mwenye afya tele ananunua pikipiki ili awe huru, kisha ananunua vifaa vya hospitali ili aweze kuikalia. Nani mwingine duniani ana uwezo wa kuunda ajira nyingi hivi kwa kukaa tu bila kufanya kitu?

Marekani wameenda mbali zaidi, wameufanya ugumu huu kuwa cheo. Kuna jumuiya inaitwa Iron Butt Association, makalio ya chuma, na anayetaka kutambuliwa nayo huanza kwa kupanda pikipiki maili 1,000, kama kilomita 1,600, ndani ya saa 24. Anapewa cheti. Kutoka Bellevue hadi Cape Town ni kilomita 1,400 hivi, kwa hiyo ukifika baharini bado hujapata cheti, unatakiwa uzunguke mji.

Nimejiuliza vijana wa Rockey wangepata vyeti vingapi. Safari moja moja kwao ni fupi: kuku hadi Houghton, dawa hadi Observatory, maziwa hadi Killarney, kupanda Louis Botha na kushuka, mashimo, na roboti, kama taa za kuongozea magari zinavyoitwa huku, ambazo siku nyingine haziwaki. Zijumlishe za wiki na huenda mtu ameshafika Cape Town, ila bahari hajaiona.

Na hapa ndipo siti inapostahili sifa zilizobaki zote. Sheria ya masharti ya msingi ya ajira ya Afrika Kusini, ya mwaka 1997, inasema mfanyakazi akifanya kazi saa 5 mfululizo apewe saa nzima ya kupumzika na kula. Sheria nzuri. Bahati mbaya inamhusu mfanyakazi, na wengi wa vijana hawa wamesainishwa kama makandarasi, kila mmoja kampuni ya mtu mmoja, ambayo mtaji wake ni pikipiki ya mkopo na mkurugenzi wake yuko juani. Simu inayowapa oda haina ibara ya mapumziko. Ukichelewa inahesabu, ukikataa inakumbuka.

Siti haisomi mikataba. Haiulizi kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi, una karatasi za ukimbizi au umezaliwa Soweto. Saa ikipita kidogo inakubana, unashuka, unajinyoosha, unatembea hatua chache hadi kwa mama wa Kikongo anayeuza dagaa sokoni, mnasalimiana, damu inarudi miguuni. Mapumziko hayo hayakutolewa na bunge, mwajiri wala chama. Yametolewa na sponji ya bei rahisi iliyochakaa. Siku wakubwa wakigundua kwamba siti nzuri ingemweka kijana barabarani saa 12 bila kushuka, msishangae wakiigawa bure.

Kwa hiyo ndugu msomaji, uliye Bellevue, Mikocheni au Kilimani, uliyeagiza chakula ukiwa umekaa: kijana akikubishia hodi, mpokee mzigo wake, mpe maji, muulize habari za nyumbani. Akisimama kizingitini muda mrefu kidogo kuliko kawaida, usihesabu dakika na usiguse zile nyota za kwenye simu. Ila ule ukarimu wetu wa kumwambia kila mgeni karibu kiti, kwa huyu mmoja, tafadhali uuache.