Mkanda wa Babu na Barafu ya Shemeji

Katika nyumba za mwambao, filamu haizeeki kwa kalenda, inazeeka kwa joto. Mikanda tuliyoikuta kwenye sanduku la marehemu baba mkwe, babu wa binti yetu, hapa Tanga, ilikuwa kwenye maboksi yenye tarehe ya kuisha matumizi ya mwaka 1996. Miaka yote hiyo ilikaa juu ya kabati, chini ya bati. Mzee alikuwa ameshaipiga, ila hakuwahi kuipeleka studio. Joto kama hilo hufanya mabaya mawili: huamsha chembe za fedha ambazo mwanga haukuzigusa, filamu ikajaa ukungu, na hufifisha picha yenyewe. Nikaamua kuisafisha nyumbani kabla joto halijamaliza kazi yake. Nilianza na Ilford FP4 Plus ya ASA 125, kwa sababu filamu za kasi ndogo hustahimili uzee kuliko za ASA 400.

Kazi ilikwama kwenye maji. Dawa ya D-76 inapenda nyuzi 20, na bomba letu linatoa maji ya nyuzi 29. Kwenye nyuzi 20 mkanda huu unataka dakika 8 na nusu, kwenye 24 ni kama dakika 6. Ukipanda zaidi, muda unakuwa mfupi mno, picha inatoka na madoa, na utando wa jelatini unalainika hadi ukucha unaweza kuukwaruza. Ilihitajika barafu, na friza ya nyumba hii ni ya biashara ya shemeji.

"Shem, hiyo ni barafu ya watu ya futari," alisema, mkono juu ya mfuniko.

Mama mkwe hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Mpe mwenzio. Hizo ni picha za baba yako."

Mabonge yakaingia kwenye beseni, jagi la dawa likasimama katikati yake, na binti yetu akashika kipimajoto akisoma kwa sauti: 26, 23, 21.

Kabla ya dawa, mkanda huvishwa gizani kwenye kigurudumu cha plastiki kinachoingia tangini. Filamu hii huona rangi zote, kwa hiyo hata taa nyekundu ni adui. Bafuni kulikuwa na unyevu, na filamu ikipata unyevu hunasa kwenye mifereji ya kigurudumu hicho. Tukahamia chumba cha kulala: blanketi dirishani, khanga chini ya mlango. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Mkanda uliokaa umekunjwa miaka mingi hivyo una ukaidi wake. Uliingia nusu, ukagoma, nikaurudisha kwa ncha za vidole na kuuanza upya gizani. Papo hapo umeme ukarudi, mtaa mzima ukashangilia. Swichi ya chumba ilikuwa imeachwa wazi, lakini mke wangu alikuwa ameshafungua balbu na kuiweka kwenye droo. Picha za Babu ziliokolewa na balbu hiyo.

Dawa ikaingia tangini, ikafuata siki iliyozimuliwa, kisha dawa ya kukazia. Ilipofika zamu ya kuosha, bomba likakauka. Tukasalimika kwa ndoo mbili za jirani na utaratibu wa Ilford wa kubana maji: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, jaza tena, pindua mara 20.

Mkanda ulitoka wa kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho, na fremu za nje ya mkunjo zimekufa kabisa. Katikati watu walikuwepo. Tulipozipiga fremu hizo kwa simu na kugeuza nyeusi kuwa nyeupe, mama mkwe alivaa miwani akawataja mmoja mmoja: dada yake akisuka ukili barazani, mpangaji wa chumba cha uani, mtoto aliyefariki kabla mke wangu hajazaliwa. Mtoto huyo hana picha nyingine popote.

Mikanda iliyobaki sasa iko kwenye friji, ndani ya mkebe uliofungwa, ikingoja zamu yake, na shemeji ametutengea barafu. Kama kwenu kuna sanduku la namna hii, lifungueni mwaka huu. Filamu ikishafifia hairudi, na mzee anayewajua waliomo naye hatusubiri.