Hesabu ya Mwezi

Ada yangu, kila mwezi unapoandama, ni kutafakari nani humu nyumbani Riruta amesoma nini. Na mwezi huu, alhamdulillahi, baba watoto amekhitimu kurasa za michezo, na kijana wangu, niliyemnunulia Siku Njema ya Ken Walibora kwa fedha za mboga, ameitandika chini ya runinga iliyokuwa ikiyumba. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, ilikuwa enzi za ukoloni ya Wazungu pekee. Leo mlangoni hapana anayeulizwa rangi yake, ila wanangu, kwa taadhima yao kwa historia, wangali hawaingii. Nami, msinidhanie jahili, nimesoma kwa makini tarakimu zote 20 za tokeni ya umeme, tamthilia isije ikakatika.